Goma Haichimbwi: Baraza na Pisini Ndogo Katika Parseli ya Mdogo Wangu



Wengi wenu mliniuliza kwa nini nilikosa vikao viwili mfululizo. Nilikuwa Goma, kwa mdogo wangu. Alikuwa amejifungua mtoto wa nne, na ninyi mnajua mzazi anahitaji nini: mtu wa kumpikia uji, wa kumfulia, wa kumshikia mtoto ili naye apate usingizi. Basi nikapanda boti asubuhi hapa Bukavu, nikiwa na mfuko wa unga wa uji na neno moja rohoni ambalo sikumwambia mtu.

Neno lenyewe ni hili. Miezi kadhaa kabla, mdogo wangu alinipigia simu akacheka akasema, "Yaya, sasa na sisi tuna pisini." Sikumjibu. Mume wake ni mwalimu, yeye mwenyewe anauza vitenge sokoni. Nilijiuliza wameuza nini. Tena nilikumbuka wamama wa Goma ninaowaona kila nikienda kule, wamepanga mstari na bidoni za njano, wengine wakiteka maji ziwani. Katika mji kama huo, mtu anajaza maji shimoni ili watoto wacheze? Nilikasirika, nikameza. Niliwaza kwamba nikifika nitamwambia ukweli wake.

Boti ilipita kando ya kisiwa cha Idjwi, mashamba yake yakiwa ya kijani kutoka majini hadi juu mlimani. Kisha Goma ikaonekana, na nyuma yake Nyiragongo na wingu lake kichwani. Mlima huo uko kaskazini ya mji, kama kilomita 20 hivi tu. Tarehe 17 Januari 2002 moto wake ulishuka ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukachoma nyumba za vitongoji vya kaskazini. Sisi wa Bukavu tukifika Goma, kitu cha kwanza tunachoshangaa ni jiwe. Jiwe jeusi chini, jiwe jeusi kwenye ukuta, jiwe jeusi kwenye barabara. Vijana wa chukudu wanasukuma mbao na magunia juu yake, magurudumu yanalia. Ndiyo lava iliyopoa. Watu wameivunja na nyundo wakajengea nyumba zao.

Mdogo wangu anakaa upande wa magharibi wa mji, kwenye njia ya kwenda Sake. Nilifika saa saba za mchana, jua likiwa kali. Watoto wakanipokea, "Mama mkubwa amekuja!" Nikapitishwa moja kwa moja nyuma ya nyumba. Hapo nikamkuta mdogo wangu amelala kwenye mkeka na kichanga chake, chini ya kivuli kilichokuwa baridi kama cha mgomba. Upepo ulikuwa unapita. Juu ya kichwa chake kulikuwa na majani ya marakuja na matunda mabichi yananing'inia.

Nikauliza, "Pisini iko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Kando ya kile kivuli kulikuwa na duara la mawe meusi, kimo chake kikifika gotini na kupita kidogo, limezungukwa na uzio wa mianzi. Niliyafikiria maji ya buluu ya hoteli, na hapa nilikuwa ninaona kitu kama birika kubwa. Nikacheka. Hasira yangu yote ilikosa pa kukaa.

"Keti, yaya," akasema. "Nikupe habari ya shimo kwanza."

SHIMO

Mwanzoni mume wake alitaka pisini ya kweli. Alikuwa ameiona kwenye hoteli moja kando ya ziwa siku ya harusi ya mwenzake wa kazi. Akapima nyuma ya nyumba mita 4 kwa mita 8, na kina cha mita moja na nusu. Akachagua kona ya chini ya parseli, kwa sababu pale jiwe lilikuwa limepasuka na kazi ingekuwa nyepesi. Vijana wakachimba na mitarimbo majuma matatu.

Asubuhi moja, kabla jua halijatoka vizuri, mtoto wao wa miaka minane alifuata mpira wake. Akaona mbuzi wa jirani amelala chini shimoni, na kuku wawili karibu naye. Hakuna damu, hakuna jeraha. Mtoto akadhani wamelala. Alikuwa ameshashusha mguu mmoja wakati bibi mmoja jirani alipopiga kelele: "Mazuku! Rudi! Mazuku!"

Bibi huyo alikuwa amekaa miaka mingi upande wa Sake. Yeye alijua.

Mama wa Bukavu, wa Uvira au wa Lubumbashi huenda hajui neno hilo, basi nilieleze. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini katika nchi ya volkeno. Ni gesi ya kaboni, ile ile inayotoka kinywani tunapopumua, lakini hapa inatoka kwa wingi katika nyufa za mawe. Haina rangi wala haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatiririka kama maji na kukaa mahali pa chini: mashimo, mabonde madogo, vyumba vya chini ya nyumba. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, inatawanyika. Ndiyo maana vijana walichimba mchana majuma matatu bila kuona shida.

Na sikieni hili, wamama. Mtu mzima anaweza kusimama mahali penye mazuku akapumua vizuri, kwa sababu pua yake iko juu ya gesi. Mtoto aliye pembeni yake, pua yake iko ndani. Mbuzi, mbwa, kuku na mtoto mdogo ndio wanaoanguka kwanza. Tena anayeinama kumwokoa aliyeanguka, naye anaangukia pale pale. Ukiona mtu au mnyama ameanguka shimoni kwa namna hiyo, usishuke. Ita watu, mvute kwa kamba au kwa mti mrefu.

Mdogo wangu aliponieleza hayo alikuwa anamtazama yule mtoto wa miaka minane, ambaye sasa alikuwa anakula muwa kwenye ngazi. Hakusema neno jingine kwa muda. Mimi pia sikusema. Lile nililokuja kumwambia lilikuwa limekwisha.

Siku ile ile walianza kulijaza shimo. Mawe makubwa wakayaweka pembeni, mengine wakayarudisha, wakaongeza changarawe hadi pakawa sawa na uwanja. Mume wake alisema neno ambalo sasa jirani zake wanalirudia: "Goma haichimbwi. Goma inajengwa kwenda juu."

Kama unakaa upande ule, usichimbe hata shimo la taka bila kuuliza kwanza. Ofisi ya Observatoire Volcanologique de Goma ndiyo inayofuatilia volkeno na gesi zake. Na wazee wa kartie wanajua mahali ambapo mbuzi hufa. Waulize wote wawili.

BARAZA KWANZA

Baada ya habari ya shimo hawakujenga kitu kwa muda. Halafu zamu ya likelemba ikamfikia mdogo wangu. Yeye na wenzake kumi na mmoja wanachanga kila mwezi na kumpa mmoja wao. Akaamua kuanza na kivuli, na hapo naona alitumia akili. Pisini inatumika siku chache. Kivuli kinatumika kila siku: kuchambua maharage, kusuka nywele, kufanya kazi za shule, kupokea wageni, kulaza kichanga.

Sisi tunaita baraza. Hata Wabelgiji walipokuja hapa hawakupata neno la kwao la kutosha. Wakachukua letu, wakalitamka "barza", na Kifaransa cha Kongo kinalitumia hadi leo.

Baraza yao ina mita 4 kwa mita 5. Nguzo ni sita za mikaratusi. Hawakuzizika ardhini, kwa sababu ya mchwa na unyevu; kila nguzo imesimama juu ya jiwe na imefungwa kwa chuma kilichoshikwa na simenti. Juu wamepitisha mianzi. Nusu ya paa ni mabati, nusu ni marakuja iliyopandwa kwenye miguu ya nguzo mbili. Chini ya mabati wametandaza mikeka ya matete, kwa sababu bati tupu linakushushia joto kichwani kama chungu kilichofunikwa. Kabla mwaka haujaisha, marakuja ilikuwa imefunika upande wake na kuanza kuzaa. Watoto wanakunywa juisi ya paa lao.

Jua la Goma liko karibu na mstari wa ikweta. Saa sita linasimama kichwani, na paa linatosha. Linaloumiza ni jua la saa tisa na saa kumi, linaloingia kwa ubavu kutoka magharibi. Kwa hiyo upande wa magharibi wameweka ukuta wa matete, na pande nyingine wameziacha wazi ili upepo upite.

Sakafuni hakuna simenti. Wameweka changarawe ya lava, wakaisawazisha, na juu yake mawe bapa pale miguu inapopita. Mvua ikinyesha, maji yanazama yenyewe. Jiwe jeusi likikaa juani linachoma unyayo wa mtoto, lakini chini ya kivuli linabaki baridi. Viti ni vya mbao za masanduku, na mito wameishona kwa mabaki ya vitenge vya sokoni.

MAJI BIDONI MIA

Pisini walijenga mwaka uliofuata, upande wa mashariki wa baraza, mahali pa juu kabisa pa parseli, mbali na ile kona. Upande wa mashariki una faida yake. Asubuhi jua linapasha maji moto. Alasiri kivuli cha baraza kinaangukia maji na watoto hawaungui.

Ni duara, upana wake ndani ni mita 2 na sentimita 40. Ukuta una kimo cha sentimita 60, na maji hayapiti sentimita 45. Nilimwuliza fundi, ambaye ni jirani, kwa nini duara. Alinijibu kwamba maji yanasukuma ukuta pande zote sawasawa, na katika duara hakuna kona ya kupasuka. Chini wamemwaga beto ya sentimita 10. Ukuta ni mawe yale yale yaliyotoka shimoni, na kati ya mistari ya mawe wamezungusha pete za chuma cha beto. Ndani wamepiga lipu mara mbili, mara ya mwisho kwa simenti nzito iliyolainishwa na mwiko. Kazi yote ilikula mifuko 11 ya simenti ya kilo 50. Kwa juma zima waliinyeshea maji asubuhi na jioni ili simenti isikauke haraka ikapasuka. Chini kuna bomba lenye kizibo, linaloelekea kwenye migomba.

Sasa hesabu ya maji. Pisini hiyo inachukua kama lita 2,000, yaani bidoni 100 za lita 20. Ile ambayo mume alitaka kuchimba ingechukua lita 48,000, yaani bidoni 2,400. Nilipofanya hesabu hiyo kwenye karatasi, mdogo wangu aliguna: "Yaya, ningekuwa mwizi wa maji ya kartie nzima."

Hata hizo bidoni 100 hawazinunui. Wanakinga mvua. Bati la nyumba yao lina mita za mraba kama 40. Mvua ya milimita 25 inawapa lita 1,000. Mvua mbili nzuri zinajaza pisini. Mvua ya kwanza wanaiacha ioshe bati, kwa sababu ya vumbi na majivu ya mlima. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, pisini inakaa tupu, kizibo kikiwa wazi, na watoto wanachezea ndani yake mpira. Kununua maji ya kuchezea hawakubali, na mimi niliwasifu.

Maji yaliyotulia ni nyumba ya mbu. Yai la mbu linahitaji kama juma moja au mawili kuwa mbu anayeruka. Kwa hiyo kila Jumatatu wanatoa kizibo. Wakitaka kufulia au kumwagilia kwa maji hayo, wanayaacha siku mbili juani bila kuongeza kloro, halafu wanayateka kwa ndoo.

Kloro yenyewe watu wa Goma wanaijua harufu yake tangu miaka ya kipindupindu. Hata kando ya ziwa kuna wanaoitia kwenye bidoni za wachota maji. Kwa lita 2,000, gramu 6 za kloro ya unga yenye nguvu ya 65 hadi 70 kwa mia zinatosha: ni kama kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Mtu mzima anatia unga ndani ya ndoo ya maji, kamwe si maji juu ya unga, na haichanganyi na dawa nyingine yoyote. Wanaimwaga jioni watoto wakiwa wameshatoka, kwa sababu jua linaila upesi. Unga unafungiwa mbali na watoto na mbali na moto.

Kuna sheria ndogo ukutani, zimeandikwa kwa chaki. Oga na sabuni kwanza. Mwenye kuhara haingii. Maji hayanywewi. Na kama huoni chini ya maji, hakuna anayeingia.

KITENGE CHA NJANO

Nilipofika niliona kitenge cha njano kimetundikwa kwenye mlango wa uzio. Nikadhani kimesahauliwa. Jumapili nikajua kazi yake.

Jumapili mchana, baada ya misa, watoto wa jirani walikuja, wapata kumi, na wamama zao. Tukaleta sombe, fufu na sambaza za kukaanga. Kabla mtoto hajagusa maji, mama mmoja alijifunga kile kitenge. Aliyekifunga hapiki, hashiki simu, hasuki mtu, hata kichanga hapewi. Kazi yake ni kutazama maji. Baada ya nusu saa alimfunga mwenzake kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Nimekupa watoto sita." Yule akahesabu kwa sauti, "Sita nimewapokea."

Nilipofungwa mimi, nikahesabu sita, moyo ukinidunda. Mtoto anayezama hapigi kelele kama tunavyofikiri. Anashuka kimya, hata katika maji yasiyofika kiunoni, na wanaokufa zaidi ni wale wa mwaka mmoja hadi minne. Uzio wao una kimo cha mita moja na sentimita 20, mianzi imesimama wima ili mtoto asipate pa kukanyaga, na mlango unajirudisha wenyewe kwa jiwe lililofungwa kwenye kamba. Lakini mdogo wangu alisema uzio unalinda wakati hakuna mtu, na watu wakiwepo kinacholinda ni macho.

Nikamwuliza kama haoni aibu kwa jirani wanaotafuta maji. Hakukasirika. Alisema, "Nilijiuliza hilo kabla yako. Wale watoto sita, zamani walikuwa wanashuka ziwani kuoga peke yao wakati sisi tuko sokoni. Sasa Jumapili wako hapa, na tunawahesabu. Na Jumamosi likelemba yetu inakaa barazani. Hatulipi tena chumba." Hapo nikafungua mkoba, nikamwambia ukweli wangu: kwamba nilikuja kumgombeza. Alicheka hadi kichanga kikaamka.

KURUDI BUKAVU

Katika boti ya kurudi nilikuwa nimeshachora pisini yangu kichwani. Lakini nilipoanza kupanda kwenda nyumbani, nikitazama nyumba zetu zilivyoning'inia mlimani, nikaifuta. Lita 2,000 ni kilo 2,000 za uzito. Hapa kwetu udongo ni mfinyanzi kwenye mteremko, na kila msimu wa mvua tunasikia nyumba zilizoteremka. Kuweka mzigo huo juu ya nyumba ya jirani wa chini, pamoja na maji yanayovuja kulainisha udongo, ni kumchimbia kaburi. Goma ina sheria yake, na Bukavu ina yake.

Baraza, hata hivyo, haina uzito. Nimeshapata nguzo nne za mikaratusi, na mbegu za marakuja nilizokuja nazo ndani ya leso zimeota kwenye kopo. Beseni kubwa la kufulia litatosha wajukuu. Na kitenge cha njano nimeshanunua. Kimetundikwa mlangoni, kinawangoja.

Mama yeyote anayetaka mche wa marakuja, aje na kopo lake siku ya kikao. Naye aulize kwanza ardhi anayokanyaga, kabla ya kumuuliza fundi.

Tuonane juma lijalo.